Fundi wa Sauti wa Kitengela

Anayetaka kurekodi sauti safi Kitengela hungoja usiku wa manane, malori ya barabara ya Namanga yapungue na upepo wa mbugani utulie. Kijana niliyemtembelea ana chumba kimoja cha kupanga, blanketi dirishani, magodoro ukutani ya kumeza mwangwi, kompyuta, kinanda kidogo na spika mbili. Nilimkuta akihangaika na ngoma. Namaanisha mdundo mmoja tu, ule mzito wa chini. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe kutoka wimbi tupu la sauti, akilishusha mpaka likawa kishindo, halafu akagundua kwamba unagombania nafasi na besi, huko chini ya hezi 100. Akaipunguza besi, akaifanya inywee kidogo kila ngoma inapogonga, akasikiliza kwa sauti ndogo kabisa, akaguna, akaanza upya.

Hata aliporidhika hakuziamini spika zake. Alisikiliza kwa simu, ambayo besi haiijui, kisha kwa redio kuukuu ya mama mwenye nyumba. Mwisho akamfuata dereva wa matatu anayemfahamu pale steji, akamwomba aupige wimbo. Ndani ya matatu kishindo kilimfunika mwimbaji. Akarudi chumbani kupunguza. Aliyemlipa hatajua kamwe kwamba kazi hiyo ilifanyika, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Zamani, katika studio za River Road, bendi ilipiga kwa pamoja na aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo. Kosa lilikuwa na aibu yake. Halafu zikaja kompyuta. Mtayarishaji Tedd Josiah akatoa mkusanyiko wa nyimbo za wasanii wa Kenya mwaka 1998, Clemo wa Calif Records akaupa muziki wa genge mapigo yake, na kijana mwenye hamu alijifunza kwa kubeba nyaya, kutumwa chai na kuchungulia begani mwa mkubwa. Leo kituo cha Santuri, pale Nairobi, kinafundisha utayarishaji wa muziki wa kielektroniki darasani. Ni neema. Lakini wengi hawafiki huko. Wanapakua programu (ya wizi, tusidanganyane) na furushi la midundo iliyokwisha kupikwa ng'ambo, wanaipanga mchana, jioni wimbo umeuzwa.

Lililoniuma hasa ni wimbo mmoja wa Kimaasai niliousikia ukitoka studio nisiyoitaja. Wanaosikia nyimbo hizo Kajiado wanajua zinavyokwenda: olaranyani, kiongozi wa wimbo, anapaza, wenzake wanaitikia kwa mngurumo wa kooni, shingo na mabega vikishika mapigo, huyu akitangulia kidogo, yule akichelewa kidogo. Katika kuchelewa huko ndiko utamu uliko. Mtayarishaji alikuwa amebonyeza kitufe, na kompyuta ikavuta kila pumzi hadi kwenye mstari wake. Kilichobaki kilikuwa kama gwaride. Juu yake akapachika makofi ya furushi, ilhali waimbaji wenyewe walikuwa na mikono.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Joseph Kamaru ajiitaye KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, alitoa albamu ya Peel mwaka 2020 kwa kuchanganya mivumo mirefu ya kompyuta na sauti alizozinasa nje ya studio. Mashine ni zile zile. Tofauti ni kwamba yeye alitangulia kusikiliza.

Kwa hiyo, wewe uliyepakua programu juzi, kabla hujafungua furushi, nenda Bissil, huko huko Kajiado, siku ya soko la ng'ombe na simu yako. Rekodi kengele, fimbo, miluzi, watu wakibishana bei. Kaa nazo mpaka uzijue. Na wewe mwimbaji unayelipia saa za studio, acha kumwuliza fundi kwa nini wimbo haujaisha leo. Mlipe na kesho.