Njia Ndefu ya Augustino

Wengi wasomao Maungamo ya Augustino, Mwafrika wa Thagaste, huikimbilia bustani ya Milano, alipoongoka mwaka 386. Twaona wamesoma nusu ya kitabu. Kwa muda wa miaka 9 alifuata mafundisho ya Mani. Na alipofika kwa Askofu Ambrosi, akiri mwenyewe kwamba alimpenda kwanza kwa wema wake, si kwa kuwa mwalimu wa kweli. Mafundisho yalimwingia baadaye, polepole. Hata bustanini hakuwa peke yake. Rafiki yake Alipi alisoma maneno yafuatayo katika Waraka kwa Warumi, kwamba aliye dhaifu wa imani akaribishwe, naye akaamini. Wakabatizwa pamoja mwaka 387.

Lakini kitabu kina doa. Mwanamke aliyekaa naye miaka mingi, mama wa mwanawe, alirudishwa Afrika, wala jina lake halikuandikwa.

Basi sisi walimu tusihesabu tu majina katika daftari la ubatizo. Yatupasa kuuliza: ni nani aliyemkaribisha mtu huyu alipokuwa bado dhaifu? Na ni nani tuliyemwacha njiani bila jina?