Kiganja Juu ya Majina Mawili

Anayekwenda Ikonda kwa mara ya kwanza huambiwa abebe vitu viwili: sweta zito na subira. Kijiji kiko wilayani Makete, mkoani Njombe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni baridi yake haishindwi na koti moja. Subira ni ya hospitali. Hospitali ya Consolata Ikonda hupokea wagonjwa wanaotoka Mbeya, Songea, Dodoma, hata Dar es Salaam. Wengine hushuka Makambako usiku, wakalala gesti, wakapanda basi la Njombe asubuhi, kisha wakaanza kupandisha milima ya Ukinga. Wakishafika hukaa. Kuna foleni ya kuandikishwa, foleni ya daktari, foleni ya vipimo, halafu zile saa ndefu za kungoja majibu.

Ni katika saa hizo nilipomwona mzee mmoja akifanya kazi ambayo sijaiona ikifanywa vizuri kiasi kile tangu siku ile. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kumuuguza mkewe. Mimi namuuguza mama yangu. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaeleza watu riwaya aliyotoka kuisoma.

Naiita kazi kwa makusudi. Wengi wetu tunapozungumzia kitabu hutoa muhtasari: fulani alizaliwa, akaolewa, akafa, mwisho. Au husema "kizuri sana, kisome," tukahama mada. Mwalimu yule alikuwa na mkono wa msusi wa vikapu vya milulu. Msusi akivuta mno, jani hukatika. Akilegeza mno, kikapu hupwaya. Nilikaa naye asubuhi nne mfululizo, na kila siku nilizidi kuona ufundi ulipo.

Kitabu chake kilikuwa kikubwa, kimevikwa jalada la karatasi ya kalenda kuukuu. Hakutaja jina lake wala la mwandishi. Aliwasalimu wenyeji kwa "kamwene," akanywa chai yake mpaka nusu, kisha akamgeukia mama mmoja wa Tandala aliyekaa kulia kwake.

"Mama, naomba nikuulize. Mkwe wenu akija kwenu kumrudisha mke mliyemchukua kwa sababu ndugu zake walikuwa wanamsimanga, mnampa kiti au mnamwacha asimame?"

Mama akasema wangempa kiti, lakini maneno yangekuwa makali. Mtu wa benchi la nyuma akapinga: asimame kwanza, ajue uzito. Mwingine akauliza walimsimanga kwa lipi. "Kwa kukosa mtoto," Mwalimu akajibu. Benchi zima likatulia. Pale Ikonda hakukosekana mtu aliyekuja kwa shida hiyo hiyo. Hapo ndipo aliposema taratibu: "Basi, Ukerewe alikuwepo bwana mmoja jina lake Myombekere."

Hatua ya kwanza ya ufundi nikaiona. Kabla hajatupeleka kwenye hadithi, alihakikisha kila mmoja wetu ana mahali pa kusimama ndani yake. Tulipokutana na Myombekere tulikuwa tumeshamhukumu au tumeshamtetea. Hakuna aliyekuwa mgeni.

Hatua ya pili ilikuwa kuchagua. Riwaya ile ya Aniceti Kitereza ni bahari: mna kilimo, uvuvi, uganga, harusi na misiba ya Wakerewe wa zamani. Asiye fundi angetaka kutueleza yote, tukazama. Mwalimu alishika tukio moja tu, safari ya mume kwenda kwa wakwe zake na faini ya pombe ya ndizi aliyotozwa ili amrudishe mkewe Bugonoka. Alilieleza bila haraka. Alitaja ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa, na jinsi mtu anayedaiwa pombe anavyopaswa kuomba msaada wa jirani, kwa sababu faini ya namna hiyo hailipiki na mtu mmoja. Sauti yake haikupanda hata mara moja. Kadiri jambo lilivyozidi uzito, ndivyo alivyoishusha, na sisi tukasogea.

Yule mama wa Tandala akaingilia. Akasema huku Ukinga faini kama hiyo ingelipwa kwa ulanzi, akaeleza mianzi michanga inavyokatwa ncha asubuhi na jioni wakati wa mvua, utomvu ukadondoka chomboni, na jinsi ulanzi wa leo ulivyo mtamu kama juisi na wa kesho ukawa mwingine kabisa. Alichukua muda mrefu. Mimi nilikuwa nataka hadithi iendelee. Mwalimu alimsikiliza kana kwamba yeye ndiye aliyesoma kitabu. Alipomaliza, Mwalimu akasema tu: "Basi chukueni ulanzi huo, wekeni mahali pa pombe ya ndizi, twende."

Hii ndiyo hatua iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayowashinda wasomaji wengi hodari. Mtu aliyesoma hujiona mwenye mali, na akikatizwa huona anaibiwa. Yeye alijua kwamba kitabu cha Ukerewe hakitakaa Ukinga mpaka mwenyeji akitengee kiti. Kuanzia hapo mama yule ndiye aliyekuwa akiuliza kila asubuhi, "Mwalimu, wakwe wamekubali?"

Siku ya pili alifungua ukurasa wa jina la kitabu, akakiinua tukione. Jina lina watu wanne: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Lakini wakati ule hatukuliona lote. Kiganja chake kilikuwa kimefunika majina mawili ya mwisho. Tuliona mume na mke tu.

Siku ya nne akaondoa kiganja. Tukasoma Ntulanalwo, tukasoma Bulihwali, na hakuna aliyehitaji kuambiwa hao ni nani. Mama wa Tandala akashika kifua. Mwalimu akasema mwandishi hakuficha kitu: mtu akinunua kitabu, tayari ameshaambiwa kwamba watoto walipatikana. Ukurasa wa kwanza umeshatoa siri. Kinachobaki ni njia, na njia ndiyo riwaya.

Nimesoma uhakiki mwingi tangu wakati huo, na sijakutana na neno lililonifundisha zaidi kuhusu kitabu kile kuliko kiganja kile. Kilinifundisha pia adabu ya kuzungumzia kitabu mbele ya ambao hawajakisoma. Wengi tunajua kuficha mwisho. Mwalimu alijua zaidi ya hapo: alijua cha kuficha, cha kuonyesha, na siku ya kufunua.

Wala hakukisifu kitabu kwa kila kitu. Alituambia wazi kwamba kuna kurasa zilizomchosha, zile ambazo kila salamu na kila chombo cha nyumbani hupewa nafasi yake. Aliziruka, kisha baadaye akarudi kuzisoma, kwa sababu aligundua kwamba bila hizo hawezi kuelewa kwa nini watu wale hawakuwa na haraka. Sifa inayotolewa na mtu aliyekiri kuchoka ina uzito. Msikilizaji huijua kuwa ni ushahidi.

Historia ya kitabu aliiweka mwisho, tulipokwisha kuwapenda watu wake. Kitereza aliikamilisha riwaya kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House waliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na mwaka uliofuata mzee Kitereza akafariki. Mwalimu alizitaja tarehe hizo kwa watu waliokuwa wakilalamikia siku nne za foleni. Hakuongeza neno. Hakukuwa na haja.

Katika benchi letu alikuwepo kijana mfanyabiashara kutoka Makambako, aliyeleta vitenge vyake Makete akaona amtazame na shangazi yake aliyelazwa. Aliposikia habari za mke aliyekosa mtoto, akasema amekumbuka Takadini, riwaya ya Ben Hanson waliyoisoma sekondari. Akaanza kama tulivyofundishwa sote: dhamira kuu ni mila potofu, mandhari ni jamii ya Washona, ujumbe ni kwamba tuwalinde watu wenye ualbino. Yote sahihi, na mtihanini angepata alama. Lakini macho yake yalikuwa yanatafuta ubao.

Mwalimu, aliyefundisha fani na maudhui miaka yake yote kazini, hakumsahihisha. Alimwuliza: "Sekai alipotoroka na mwanawe mgongoni, ingekuwa wewe, mwanangu, ungebeba nini?"

Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Blanketi. Na chumvi." Akaeleza kwa nini chumvi, akaeleza mama yake alivyowahi kuhama na wao usiku walipokuwa wadogo, na kwa mara ya kwanza Sekai akawa mtu mwenye miguu inayouma. Riwaya ile ile, msomaji yule yule. Kilichobadilika ni swali. Siwalaumu walimu wetu wa sekondari, maana fani na maudhui ni vifaa vizuri vya kukichambua kitabu. Ila mtu akikulia kwenye vifaa hivyo tu, hufika utu uzima akidhani hana ruhusa ya kusema kitabu kilimfanya nini.

Nilirudi nyumbani nikataka kuujaribu ufundi huo. Kitabu nilichotoka kusoma kilikuwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Niliwaeleza marafiki wa dukani Makambako. Mara ya kwanza nilianza na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 na Zanzibar alikozaliwa mwandishi. Walitikisa vichwa kwa heshima, wakarudi kwenye hesabu zao.

Wiki iliyofuata nilianza upya. Duka lile limejaa Wakinga, watu wanaojua biashara tangu utotoni, nami nikawauliza: "Mtu anakudai, huna cha kulipa. Mdai anasema nipe mwanao akakae kwangu. Unafanyaje?" Kalamu zikawekwa chini. Tulibishana mpaka duka likafungwa: nani mwenye kosa, baba aliyekopa, tajiri aliyekopesha, au nyakati zenyewe. Ndipo nilipowatajia Yusuf, kijana anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake na kusafiri na misafara yake ya biashara kuelekea bara. Habari ya Nobel niliisema wakati wa kuaga, na safari hii ilikuwa na maana, kwa sababu waliyempongeza walikuwa wameshabishana naye jioni nzima. Mmoja wao aliniomba kitabu. Wa pili aliomba awe wa pili.

Riwaya za Kiswahili huchapwa nakala chache, na kutoka Makete mpaka duka lenye rafu ya riwaya ni safari. Kwa hiyo kitabu hapa kwetu hutembea kwa miguu ya wasomaji, kutoka mkono hadi mkono, na kabla ya mkono hutangulia mdomo. Anayekieleza vizuri hukifungulia njia. Anayekieleza vibaya hukizika kikiwa hai, hata kama alikuwa na nia ya kukisifu.

Mkewe Mwalimu aliporuhusiwa kwenda nyumbani, kitabu hakikuondoka na mwenyewe. Alikivua jalada la kalenda, akalikunja akaliweka mfukoni kwa ajili ya kitabu kijacho, kisha akamkabidhi mama wa Tandala kwa mikono miwili. Yule mama akakifunga kwenye ncha ya kanga, mahali anapofunga nauli yake.

Msomaji mwenzangu, riwaya uliyoimaliza wiki hii inamngoja mtu mwingine. Mtafute. Muulize kwanza swali linalomhusu yeye, mpe tukio moja tu, na umwachie nafasi aweke ulanzi wake mahali pa pombe yako ya ndizi. Majina mawili ya mwisho yafunike kwa kiganja mpaka siku yake ifike.