Ukuta Mweupe na Lenzi ya Hamsini

Ukitaka kumjua mpiga picha, usianze na kamera aliyoitundika shingoni. Omba akufungulie begi lake, na uangalie zaidi alichokiacha nyumbani. Maduka ya Kariakoo na ya katikati ya Nairobi yamejaa lenzi za kila urefu, na muuzaji anayeijua kazi yake hakuachi utoke na moja. Wengi wetu hununua kwa hofu. Tunaogopa kwamba siku simba akipita mbali tutakuwa na lenzi fupi, na siku jengo likiwa pana tutakuwa na lenzi ndefu, basi tunajaza begi mpaka bega linachoka kabla ya jicho. Wapo wachache wanaouliza maswali mengine kabisa kabla ya kutoa pesa: ninapofanyia kazi mwanga ukoje, na watu wangu watakuwa umbali gani?

Mmoja wao ni mpiga picha wa kike wa Mombasa ambaye napenda kumtazama akiwa kazini. Riziki yake ni harusi, na hasa kupamba, ule usiku wa wanawake ambapo bi harusi huketishwa jukwaani atazamwe. Mabuibui yamevuliwa, mwanamume hakanyagi, na mara nyingi simu hazitakiwi kutolewa. Picha zitakazobaki za usiku huo ni zake peke yake. Ungetarajia abebe duka zima. Anabeba bodi mbili za sensa ndogo, kwa sababu moja ikizima katikati ya shughuli hakuna wa kumwomba radhi. Lenzi ya milimita 35, lenzi ya 50, flashi moja, betri za AA za kuchaji, kitambaa na kipulizio cha vumbi. Basi.

Hiyo lenzi ya 50 ndiyo watu huidharau kwa sababu ya bei yake. Ile ya Canon ya f/1.8 iliyotoka mwaka 2015 ina gramu kama 160, nyepesi kuliko simu nyingi za siku hizi, na umbo lake la plastiki halimtishi mtu. Lakini unafuu wake hautokani na ulipuaji wa kazi. Fumbo la kuipanga lilishafumbuliwa zamani. Mwaka 1896 Paul Rudolph, aliyekuwa akifanya kazi Zeiss kule Jena, Ujerumani, alisanifu lenzi iliyoitwa Planar: vioo sita vilivyogawanywa pande mbili za tundu la mwanga, upande mmoja ukiutazama mwenzake. Kwa kuwa pande mbili zinakaribia kufanana, kasoro nyingi za upande mmoja hufutwa na za upande wa pili. Mstari ulionyooka unabaki umenyooka, na rangi hazigombani pembezoni.

Taabu ilikuwa kwenye mng'ao. Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, asilimia 4 hivi ya mwanga hurudi ulikotoka. Planar ilikuwa na nyuso nane za namna hiyo, kwa hiyo zaidi ya robo ya mwanga haikufika kwenye filamu, na sehemu yake ilizurura humo ndani ikapausha picha. Mpangilio ule mzuri ukakaa ukingoja. Mwaka 1935 Alexander Smakula, naye wa Zeiss, akagundua njia ya kukipaka kioo utando mwembamba mno unaozima ule mng'ao. Leo hata lenzi ya bei ya chini inao. Ishike yako karibu na dirisha, iinamishe polepole, utaona zambarau na kijani zikitembea juu ya kioo. Huo ndio utando wenyewe, na ndio sababu lenzi ya mwanafunzi wa leo ina picha angavu kuliko nyingi zilizokuwa fahari ya mabwana wa zamani.

Kwenye ukumbi, faida ya lenzi ya 50 inahesabika. Lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na kamera ikivutwa mpaka mwisho hufungua f/5.6 tu. Ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Pale ambapo dada huyu wa Mombasa anapiga kwa shata ya 1/125, mwenye zumu ile atalazimika kushuka hadi 1/13, na bi harusi akigeuza shingo kidogo tu, sura imeshachafuka.

Hata hivyo, akiwa mbele ya bi harusi hafungui mpaka mwisho, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kwa f/1.8, jicho la karibu likiwa kali, la mbali limeshalainika, na ile hina iliyochorwa kwa saa nzima mikononi imekuwa doa tu. Anafunga hadi f/2.8 au f/4, anamwomba bi harusi asogeze mikono iwe sawa na uso, ndipo wanja, hina na piko vinaingia pamoja. Na hasogei karibu. Kwenye sensa ndogo, lenzi ya 50 huona kama ya 75 au 80, kwa hiyo inamlazimu asimame mita mbili hivi. Watu husema lenzi fupi hukuza pua. Pua hukuzwa na ukaribu. Lenzi fupi inakushawishi tu usogee.

Sasa flashi, ambayo wengi wanaichukia kwa sababu waliijua vibaya. Mwanga wa flashi hupungua kwa kasi: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo; ukizidi mara tatu, sehemu moja ya tisa. Ielekeze flashi moja kwa moja kwa bi harusi aliye mita moja mbele yako, basi shangazi yake aliye mita tatu utamwona meno tu. Ndizo zile picha tulizokua nazo, uso mmoja umeungua na ukoo mzima umemezwa na giza.

Dawa ni kugeuza kichwa cha flashi, mwanga uende ukutani kwanza ndipo umrudie mtu. Ukuta mzima unageuka taa kubwa, na taa kubwa ina kivuli laini. Hilo liko kwenye kila kitabu. Kisichoandikwa ni jinsi ya kuuchagua ukuta. Yeye hufika kabla wapambaji hawajamaliza, anamsimamisha msaidizi wake pale kiti cha bi harusi kitakapokaa, kisha anazunguka akipiga flashi huku na huku na kuutazama uso wa yule binti kwenye skrini. Katika nyumba za zamani za Mji wa Kale hana shida na kuta, zimepakwa chokaa, lakini dari ni za boriti zilizokolea weusi, na mwanga ukipanda huko haurudi. Kwa hiyo huwaacha wanafunzi wake waelekeze flashi juu mara moja, waone wenyewe, ndipo wageuke pembeni. Paa la makuti ndiyo kabisa.

Kumbi za kisasa zina tatizo la rangi. Pazia la kijani hurudisha mwanga wa kijani, na ngozi yenye kijani inahitaji kazi nyingi kwenye kompyuta na bado haikai. Usiku mmoja ukumbi mzima ulikuwa umezungushiwa pazia la kijani mpaka kwenye milango. Hakulalamika. Alitoa karatasi nyeupe kwenye bahasha, akaikunja, akaifunga nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira, mwanga ukawa unagonga karatasi badala ya pazia. Kisha akamwendea mwenye shughuli.

“Shikamoo shangazi. Nakuomba ile taa ya kijani ya jukwaani izimwe, hata robo saa tu.”

“Marahaba mwanangu. Waambie nimesema mimi.”

Ikazimwa, na taa za kawaida za manjano zikabaki. Hapo akabandika kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya flashi. Mwanga wa flashi kwa asili ni mweupe wenye ubaridi, na taa zile zina ujoto. Bila kipande hicho, bi harusi angeonekana wa buluu ndani ya chumba cha dhahabu. Shata aliishusha hadi 1/60 ili taa za ukumbi nazo ziingie. Mtu asiyejua angeogopa kwamba picha zitatikisika, lakini mmweko wenyewe hudumu sehemu ya elfu ya sekunde au pungufu, na huo ndio unaomkamata mtu akiwa ametulia. Kwenda juu ndiko kwenye mpaka. Kamera nyingi zikivuka 1/200 au 1/250 bila mpangilio maalumu wa flashi, unapata mkanda mweusi kwenye picha.

Kipo kingine kinachowatesa wanaoanza, na hakiuzwi dukani. Kamera inapopima mwanga huamini kwamba dunia yote ni ya kijivu. Ipe safu ya wanaume wenye kanzu nyeupe siku ya nikaha, itaona mwangaza umezidi, itapunguza, na nyuso zitazama. Ipe safu ya mabuibui, itaongeza mpaka nyeusi iwe kijivu na nyuso zipauke. Wengi hulaumu lenzi na kukimbilia kununua nyingine. Dada huyu hufuata uso na kuiacha nguo ijitegemee: kwenye kanzu anaongeza hatua moja, kwenye buibui anapunguza moja, kisha anatazama mashavu.

Akisafiri, begi linapungua tena. Bodi moja, lenzi ya 35, na filta moja ya polaraiza. Flashi hubaki nyumbani, kwa kuwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe Unguja ukuta mweupe upo tayari na jua ndilo linaloupiga: anamweka mtu kivulini, uso ukielekea ukuta wa pili wenye jua, na anapata ule mwanga laini anaouhangaikia ukumbini. Polaraiza ni ya mchana, saa ambazo vitabu vingi vya upigaji picha vinakushauri ulale. Filta hiyo hukoleza zaidi anga iliyo robo duara kutoka kwenye jua. Ulaya, jua likiwa limeinama, hilo huwa ni pande moja la anga, na kwa lenzi pana mbingu inatoka na mabaka. Huku kwetu jua likiwa utosini, anga yote ya karibu na upeo iko kwenye pembe hiyo, kwa hiyo inakolea sawasawa kila uelekeapo. Baharini nayo huondoa ule mng'ao wa juu ya maji, na matumbawe yanajitokeza. Lakini haizungushi mpaka mwisho penye vitu vibichi. Samaki wa sokoni akiondolewa mng'ao ni samaki wa jana.

Filta ya kukinga kioo haweki. Anaweka kikinga jua cha plastiki, kinachozuia mwanga wa pembeni na kupokea pigo la kwanza lenzi ikigonga mlango. Betri za akiba hukaa naye ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini, na hiyo ni sheria kwa za lithiamu. Anachokiogopa kweli ni unyevu. Ukitoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaifungua kwenye joto la pwani, kioo kinafunikwa na mvuke papo hapo, basi huiacha ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje. Na lenzi hazilali kwenye mifuko ya ngozi kabatini, ambako fangasi huota na kusambaa juu ya kioo mithili ya utando wa buibui. Zinalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ambavyo watu wengine huvitupa.

Nilimuuliza atanunua nini akipata pesa, nikidhani atataja lenzi ya 85 ya f/1.4 ambayo kila mpiga picha wa harusi huiota. Alitaja flashi ya pili, ya kawaida tu, na kiwashio chake cha redio, ambavyo kwa pamoja ni rahisi mno kuliko lenzi ile. Ataificha nyuma ya kiti cha jukwaani, imulike shela kwa nyuma ili ukingo wake ujitenge na pazia, na ameshaamua iwe na nguvu ya chini kabisa. Hiyo 85, alisema, mwenzake anayo, na jirani haulizwi kodi ya kuazima.