Kupima Sentensi Yenye Neno "Fufua"

Sentensi yenye neno "fufua" hupimwa kwanza kwa kifo kilichomo ndani yake. Kitenzi hiki, ambacho sikio hukisikia karibu na "mfu" na "ufu", maana yake ni kukirudishia uhai kilichokufa, na kwa kupanuka kwa maana, kukianzisha upya kilichokoma. Kwa hiyo anayekitumia sharti aweze kuonyesha kitu hicho kilikoma lini na kwa sababu gani, la sivyo ametwika jambo dogo neno zito.

Katika wilaya ya pamba kama Bunda, mtu anaweza kuandika: "Tufufue zao la pamba." Sarufi yake ni safi, lakini sentensi ni hafifu, kwa kuwa mkulima aliyevuna pamba msimu uliopita, na ambaye tayari anatayarisha shamba kwa msimu ujao, hajaliona zao lake likifa, limepungua tu, na kilichopungua huongezwa, huinuliwa au huimarishwa. Ilinganishwe na hii: "Vyama vya ushirika, vilivyofutwa mwaka 1976, vilifufuliwa kwa sheria ya mwaka 1982." Hapa kifo kina mwaka wake, uhai una mwaka wake, na njia ya kurudi imetajwa, hata msomaji asiyejua habari za ushirika anaelewa ni nini kilichopotea na kikapatikana tena.

Kipimo cha pili ni kauli, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha uhusiano wa tendo na mtendaji wake, na hapa ndipo waandishi wengi hukosea. Kwa mfano wa kiwanda cha nguo cha MUTEX mjini Musoma, ambacho mitambo yake ilisimama kwa miaka mingi, kuandika "kiwanda kimefufuka" ni kumficha mtendaji, kana kwamba mashine zinaweza kuamka zenyewe; "kimefufuliwa" humfanya msomaji aulize mara moja, "Na nani?", na swali hilo ni dalili ya sentensi iliyo hai. Kiambishi cha wakati nacho kina deni lake: "-me-" hudai matokeo yanayoonekana sasa, yaani mtu akisimama langoni asikie mitambo ikinguruma na aone wafanyakazi wakipishana zamu, ilhali "-ta-" ni ahadi tu na isisomwe kama habari.

"Fufua" lisichanganywe pia na maneno jirani: "huisha" hufaa zaidi kwa kilichokwisha muda bila kufa, kama leseni au uanachama. "Fukua", lililo mbali na "fufua" kwa konsonanti moja tu, ni kuchimbua kilichozikwa, na mhariri mzembe anaweza kufukua chama badala ya kukifufua.

Sentensi bora ya neno hili inaweza kuandikwa Butiama: "Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, siku 47 baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, mmoja wa waasisi wake." Uzuri wake uko katika kiasi: kitenzi kimepewa jumuiya peke yake, na kifo cha Mwalimu, aliyezikwa Butiama tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo, kimeachwa kibaki kifo. Mwandishi akiongeza kwamba Mwalimu naye alifufuka ndani ya mkataba huo, sentensi nzima huanguka.