Jina la Kompyuta na Kitenzi "Kutatua"

Mfasiri aelezaye jinsi kompyuta ya Linux ipatavyo anwani ya jina hukutana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana nyingi, na haraka humvuta kwenye "kutatua". Neno hilo halifai. Hutatuliwa kilichotatana, kama uzi au shauri. Jina halikutatana, bali anwani yake haijajulikana.

Kazi yenyewe yashuhudia hayo. Katika faili /etc/nsswitch.conf huandikwa mstari wa namna hii: "hosts: files dns". Maana yake, kompyuta itazame kwanza orodha yake yenyewe, /etc/hosts, ambamo localhost hupewa 127.0.0.1, isipoliona jina, ndipo iziulize seva za DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, zilizotajwa katika /etc/resolv.conf. Hapana fumbo hapa. Pana kuuliza kwa zamu, na jibu la kwanza ndilo lishikwalo.

Kwa hiyo, anwani ya zamani ikisalia katika orodha ya nyumbani, seva yenye habari mpya haitaulizwa. Mwanafunzi aliyefunzwa "kutatua" atatafuta kosa kwenye seva. Aliyefunzwa "kulitafutia jina anwani" atauliza kwanza: imetafutwa wapi? Tafsiri hii ni ndefu zaidi, lakini ndiyo ya kweli.