Mtawala Mwenye Hekima na Mkulima wa Mlao

 

Wanafunzi wa darsa huku Mbwara huuliza kwa nini maulamaa wetu walijishughulisha na Aflatun, Myunani aliyetaka watawala wawe wanafalsafa. Al-Farabi (aliyefariki 339 H/950) alimfuata: mtawala wa mji bora kwake ni kama moyo katika kiwiliwili. Ibn Rushd (aliyefariki 595 H/1198) alikisherehesha kitabu cha Aflatun juu ya utawala kwa kuwa kile cha Aristu hakikumfikia. Asili ya Kiarabu ya sherehe hiyo imepotea. Imebaki tafsiri ya Kiibrania.

Kasoro yao, kwa maoni yangu, ni moja. Suqrat, mwalimu wa Aflatun, aliwazidi wenzake kwa kujua kwamba hajui. Mwanafunzi wake akaja na mtawala aliyetoka pangoni, akaiona haki, akarudi kuwaamuru waliobaki gizani. Ule ujinga aliokiri mwalimu umebaki kwa raia peke yao!

Tuipime rai hiyo hapa Rufiji. Mwalimu Nyerere, ambaye wengi wamemfananisha na mtawala huyo wa Aflatun, alikuwa madarakani mafuriko ya mwaka 1968 yalipokuja. Serikali ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya juu, katika Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, usalama. Lakini Mrufiji alijua kwamba maji yale yale huleta rutuba, na yakipungua hupandwa mahindi na pamba ya mlao. Mashamba yakawa mbali na nyumba, na mazao bila mlinzi huliwa na nguruwe na nyani. Basi wengi walirudi bondeni kwa msimu, wakalala kwenye madungu yao.

Sasa tazama hadithi aliyoipokea Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wakichavusha mitende, akasema hadhani kwamba inafaa kitu. Wakaacha, mavuno yakaharibika. Akawaambia kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Huyu ni mwenye kuteremshiwa wahyi, ndugu msomaji, na mitende aliwaachia wenye mitende.

Al-Farabi aliona ugumu huo kwa upande mmoja tu. Alitaja sifa 12 za mtawala, akakiri kwamba ni nadra mtu mmoja kuzikusanya, akaruhusu watu kadhaa washirikiane kutawala. Ila hao nao wanachaguliwa kwa hekima na sifa zao. Mwenye jembe hakuwekewa mahali pa kusema.