Begi Dogo la Fundi Mitambo

Kendrick Lamar alipopanda jukwaa la BK Arena tarehe 6 Desemba 2023, mashabiki walirudi nyumbani wakimzungumzia yeye, taa zake na umati uliojaza ukumbi huo wa watu wapatao 10,000 pale Remera, jirani na Uwanja wa Amahoro. Mafundi wa sauti hawakuwa sehemu ya mazungumzo. Ndivyo kazi yao ilivyo: fundi mitambo hukumbukwa siku maiki inapopiga mluzi.

Lakini arena si kipimo cha kazi ya sauti Kigali. Kazi iliyo nyingi ni harusi bustanini, ibada ya Jumapili, mkutano hotelini, bendi ya Ijumaa usiku katika baa ya Nyamirambo. Huko hakuna kikosi cha wahandisi. Yupo fundi mmoja, kijana wa kumsaidia kuvuta kebo, gari dogo, na saa chache kabla wageni hawajaketi. Ukitaka kujua uhodari wake, usimsubiri awashe mikseri. Chungulia begi lake la vipimo. Kila kifaa kilichomo hujibu swali moja, na fundi aliyepevuka anajua swali lipi litamuumiza kichwa kwanza.

La kwanza ni umeme. Rwanda inatumia volti 230 na hezi 50, ila bustani ya harusi mara nyingi hutegemea jenereta, na jenereta mjini Kigali ina kisa chake. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Mashine iliyoandikwa kilowati 10 inaweza kufika hapa na 8 na nusu tu. Besi ikipiga, injini inalegea, volti zinashuka, na ampulifaya inajizima bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia. Multimita inayosoma volti na hezi humwonya fundi mapema, ilimradi apime mzigo ukiwa umewashwa. Jenereta isiyobeba kitu haisemi ukweli.

Hapa ubahili ni hatari. Multimita ya kugusa ubao wa umeme inapaswa kuandikwa CAT III, volti 600 au zaidi. Maandishi hayo yanaeleza uwezo wa kuhimili mapigo ya ghafla ya umeme bila kulipuka mkononi. Hayakuwekwa kwa urembo. Zile za bei ya chakula cha mchana zibaki kupima betri. Tena, nyutro ikikatika kwenye mfumo wa fezi tatu, kifaa cha volti 230 kinaweza kupokea karibu 400, na hapo mikseri imekwenda, ampulifaya imekwenda, na malipo ya siku yamekwenda. Fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi, nyutro kwa ethi: vipimo vitatu, dakika moja, kabla hakijachomekwa chochote.

Kisha kebo. Iliyokufa kabisa haina matata, huwekwa kando. Inayotesa ni ile inayokatika ikikanyagwa na kupona ikiinuliwa. Testa nyingi za bei nafuu huwasha taa kuonyesha pini tatu zimeunganishwa, basi. Zilizo bora huhifadhi alama mguso ukipotea hata kwa kufumba na kufumbua, hivyo fundi anaitikisa kebo kwanza kisha anasoma. Zipo pia za vipande viwili, kama Rat Sniffer iliyotokana na fundi wa Marekani Dave Rat: kimoja kinachomekwa jukwaani, kingine upande wa mikseri, na kebo iliyokwisha kufukiwa chini ya zulia inapimwa bila kufukuliwa. Vyote viwili vinaingia mfukoni. Kwa kazi ya bustanini, hicho ni kifaa cha kuheshimiwa kuliko skrini yoyote.

Pini ya pili na ya tatu zikibadilishana mahali, kebo itapitisha sauti kama kawaida, lakini spika mbili zitavutana: moja inasukuma hewa nje, nyingine inaivuta ndani, na besi inatoweka katikati ya hema, mahali hasa walipoketi wazazi. Sikio changa halitambui kilichotokea; linaongeza besi kwenye mikseri na kuharibu zaidi. Kifaa kama Cricket cha Galaxy Audio hutuma mlio na kuwasha taa ya kijani au nyekundu, na mjadala umekwisha.

Baada ya hapo ndipo kompyuta inapofunguliwa. Programu ya Smaart, iliyozaliwa Marekani miaka ya 1990, hulinganisha sauti iliyotoka kwenye mikseri na ile iliyofika kwenye maiki ya kupimia, ikaonyesha spika na ukumbi vimeongeza nini na kupunguza nini. Inalipiwa. Asiye na uwezo huo anayo REW ya John Mulcahy, inayopatikana bure, na maiki kama UMIK-1 ambayo kila moja huja na faili lake la masahihisho. Faida ya kupima hivi huonekana katika kuchelewesha spika za nyuma ili ziendane na za jukwaani. Sauti husafiri takribani mita 348 kwa sekunde mchana wa nyuzijoto 27, na mita 341 usiku unapopoa hadi 16. Kwa spika zilizo mita 40 kutoka jukwaani, tofauti hiyo ni milisekunde 2 na ushee. Hiyo inatosha sauti mbili zinapokutana zifutane kwa sehemu, maneno ya mshereheshaji yakapoteza makali. Fundi aliyepima saa tisa alasiri hana budi kupima tena wageni wakila.

Mchoro wa kompyuta una ulevi wake, hata hivyo. Wapo wanaohangaika kuunyoosha mstari mpaka sauti ya mwimbaji inakauka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeanza kazi asinunue programu ya kupimia mpaka masikio yake yaweze kukisia mlio wa hezi 250 na wa hezi 2,500 bila msaada.

Swali la mwisho ni la majirani, na Kigali linauma. Mwaka 2018 makanisa mamia kadhaa yalifungwa jijini, kelele ikiwa miongoni mwa sababu zilizotolewa, na misikiti ya Nyarugenge ikaambiwa iache kuadhini kwa spika. Mita ya desibeli ikawa kinga ya fundi. Lakini isomwe kwa akili. Mizani ya A, ambayo mita nyingi huanza nayo, hupunguza mlio wa hezi 50 kwa desibeli 30 na wa hezi 100 kwa desibeli 19. Fundi anaona namba ya upole, huku besi ikivuka bonde na kumwamsha mtu kilima cha pili. Mji wa vilima unadai mita yenye mizani ya C pia, isiyoipunguza besi kiasi hicho, na mazoea ya kuzisoma zote mbili. Kwa afya ya wasikilizaji, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba kumbi zisivuke wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, kwa mizani ya A.

Mita nayo husahihishwa kwa kalibreta, na hapa mwinuko unarudi kwa mlango mwingine. Kalibreta ya pistoni, inayotoa mlio wa hezi 250, hutegemea kanieneo ya hewa; ikiwa Kigali hutoa pungufu ya desibeli 1.5 hivi kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Asiyejua ataipandisha mita yake kimakosa na kujishitaki mwenyewe. Nyingi za kielektroniki, zinazotoa desibeli 94 kwa hezi 1,000, hujirekebisha zenyewe, na ndizo za kununua kwa anayepandisha mitambo kutoka pwani hadi milimani.

Mwenye fedha ya vifaa viwili tu achukue multimita ya CAT III na testa ya kebo, mengine yatasubiri. Naye anayeandaa harusi ya Julai au Agosti, msimu wa kiangazi ambapo bustani za Kigali hujaa kila Jumamosi, aandike jambo moja kwenye mkataba: fundi aingie muda wa saa tatu kabla ya wageni, na akute jenereta inawaka.